Mguu wa Baba Watoto Unarusha Teke Wenyewe

MUULIZE MAMA FIZIO

Mwezi uliopita niliomba barua za magoti na viuno. Nyingi zilizokuja ni za macho: mbona mtu akitazama kitu kikifanywa, mwili wake nao unataka kuingia? Sina neno. Nimekaa miaka 31 kwenye vyumba vya fizio nikinyoosha mikono na miguu ya watu, na katika yote niliyoyaona, hili ndilo lililonikosesha usingizi. Basi viuno vitangoja.

*

"Shikamoo Mama Fizio. Mume wangu akitazama mpira kwenye TV hurusha miguu. Jumamosi alipiga teke stuli, birika la chai ya maziwa likapinduka juu ya mkeka mpya nilioletewa kutoka Lamu. Yeye asema hakukusudia, mguu umekwenda wenyewe. Mama mkwe asema ni shetani wa ukoo, apungwe. Mimi nasema ni ukosefu wa adabu. Nani mkweli kati yetu?"
Mke wa shabiki, Kongowea

Marahaba, mwanangu. Mkweli ni mumeo, ila mkeka ataulipa.

Nikueleze kisa kilichotokea Parma, mji wa Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa huko, wakiongozwa na Giacomo Rizzolatti, walikuwa wakisikiliza ubongo wa tumbili aina ya makake. Wameingiza waya mwembamba kuliko unywele mpaka kwenye kipande cha mbele cha ubongo wanachokiita F5, mahali panapotayarishwa mwendo wa mkono na mdomo. Tumbili akinyoosha mkono kuchukua chakula, seli za pale hutoa umeme, na kifaa huugeuza umeme ule kuwa sauti, tatatata, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Hilo walilitarajia. Wasilolitarajia ni kuwa baadhi ya seli zizo hizo zililia pia pale mtafiti mwenyewe alipochukua chakula, na tumbili amekaa kitako, mikono imetulia, anatazama tu. Walichapisha habari hiyo 1992, na kufikia 1996 seli zile zikawa na jina: seli za kioo.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2001 walionyesha kwamba hata mkono ukiingia nyuma ya kizuizi usionekane, bora tumbili awe ameshaona kuna chakula huko nyuma, baadhi ya seli hulia vilevile. Mwaka 2002 wakaja na la masikio: kuna zinazoamka kwa kusikia tu karanga ikivunjwa. Nilipoisoma hiyo nilimfikiria muuza kahawa wa mtaani kwetu, anavyogonganisha vikombe vyake tangu kona ya msikiti. Mimi huwa nimeshanyoosha mkono kabla sijamwona.

Utasema, hao ni tumbili, mume wangu ni mtu. Haya. Mwaka 1995 Luciano Fadiga na wenzake waliweka koili ya sumaku juu ya vichwa vya watu, wakaugusa kwa sumaku ule upande wa ubongo unaoamuru mwendo, huku wakipima misuli ya mkono. Mtu akiwa anatazama mwenzake akishika kitu, misuli ilijibu kwa nguvu zaidi, tena ile ile ambayo angeitumia lau angeshika yeye. Hata kabla ya hapo, mwaka 1954, Mfaransa mmoja, Henri Gastaut, pamoja na mwenzake Bert, waliwaonyesha watu sinema huku wamewavika vipimo vya umeme wa ubongo. Kuna wimbi fulani ambalo hutulia kama bahari ya asubuhi mtu akiwa hafanyi kitu, na hupotea akisogea. Filamu ilipofika kwenye ngumi, wimbi likapotea, na watu wako vitini. Walikuwa wanapigana kwa ndani.

Kwa hivyo mumeo naye anacheza. Cha kujiuliza si kwa nini mguu wake unaruka, bali kwa nini mguu wako wewe haukuruka, na wa jirani, na wa ukumbi mzima wa watu mia. Ni kwa sababu kuna breki. Wataalamu walipozichunguza kwa tumbili seli zile zinazoteremsha amri kwenye uti wa mgongo, walikuta kwamba wakati wa kutazama nyingine hupunguza sauti, nyingine hunyamaza kabisa. Juu wanapanga safari, chini wamefunga geti. Na watu ambao ubongo wao wa mbele umeumia huweza kulikosa geti hilo: daktari Mfaransa François Lhermitte aliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo katika miaka ya 1980, waliokuwa wakimwiga kila anachofanya bila kuambiwa. Akijikuna, nao wajikuna.

Usije ukamkimbiza hospitali, mumeo si mgonjwa. Geti lake ni zima, ila penalti ya dakika ya mwisho inalisukuma. Muulize tu kama aliwahi kucheza, na alicheza namba ngapi. Naweka dau alikuwa mshambuliaji. Birika liweke kushoto kwake ikiwa ni mtu wa mguu wa kulia, na hizo pesa za kumpunga nunulia mkeka.

*

"Mama Fizio, barazani kwetu kuna mzee hajagusa mpira maishani mwake, lakini mechi hazimpiti. Ndiye anayetukosoa sisi tuliochezea timu za mtaa. Aliyetazama sana si sawa na aliyecheza?"
Namba nane mstaafu, Majengo

Si sawa, na siku hiyo ya kumwambia mzee uniite nije nimtazame uso.

Salvatore Aglioti na wenzake wa Roma, 2008, waliwaonyesha watu mchezaji wa mpira wa kikapu akirusha mpira wa adhabu, filamu ikakatwa katikati, kisha wakauliza: unaingia au hauingii? Waliwaweka wachezaji wakali, wakaweka makocha na waandishi wa habari za michezo, watu ambao macho yao yameona mitupo kama hiyo sawa na wachezaji, na wengine wasiojua lolote. Wachezaji walipatia mapema zaidi na vizuri zaidi, hata mpira haujatoka mkononi. Wao walikuwa wanausoma mwili. Tena walipotazama mtupo ambao utakosa, msuli wa kidole cha mwisho ulionyesha dalili yake hasa wakati ule kosa linapofanyika. Makocha na waandishi msuli uliamka, lakini uliamka jumla jumla, haukutofautisha kosa na bao.

Mzee wenu ni kocha wa baraza. Muongezeeni kahawa.

*

"Assalaam alaikum Mama. Naolewa baada ya Idi, inshallah. Mamangu alifariki nikiwa mdogo, na mimi ni mtu wa ofisi, jikoni sikukaa. Nimejifunza mahamri kwenye simu. Video moja nimeitazama zaidi ya mara arobaini, naijua kila neno, mpaka sauti ya yule dada naiota. Lakini yangu yatoka bapa kama biskuti, hayafuri. Nakosea wapi?"
Bi harusi mtarajiwa, Kisauni

Wa alaikum salaam, binti yangu. Mungu amrehemu mama. Unakosea kwenye ile arobaini.

Sikutanii. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kitu ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila simu. Waliwaonyesha watu filamu fupi za mambo ya ustadi: kurusha vishale, ile dansi ya kutelezea nyuma, kuvuta kitambaa cha meza vyombo vikabaki. Wengine walitazama mara moja, wengine mara 20. Waliotazama mara nyingi walijiona wameiva. Walipoambiwa warushe hivyo vishale, hawakuwashinda wenzao. Kilichopanda ni imani, mkono ulibaki pale pale. Na nilichokipenda zaidi ni hiki: katika jaribio la kurusha na kudaka virungu, wale waliotazama na kisha wakapewa virungu wavishike tu, wavipime uzito kidogo bila kuvirusha, imani ile iliwashuka. Kukishika tu kirungu kuliwafundisha ukweli ambao video haikuwaambia.

Nami yalinikuta. Nililelewa na bibi yangu hapa hapa Kibokoni. Kila alfajiri alikaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, akakuna huku anazungumza na watu dirishani. Nami nimechuchumaa mbele yake, namtazama. Miaka minne au mitano namtazama. Nazi inazunguka mkononi kama inazungushwa na upepo, nazi iliyokunwa inaanguka kwenye sinia nyeupe tupu, haina hata doa la kahawia la kifuu. Nikajua najua. Siku aliyopatwa na homa nikakaa mimi juu ya mbuzi, kwa madaha. Mkuno wa tatu nikajichana kidole gumba mpaka leo alama iko. Tui la siku ile lilikuwa la waridi. Bibi alilitazama, akacheka na homa yake, akasema, "Hata, hukuwa ukinitazama mimi. Ulikuwa ukitazama nazi."

Sikumwelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikasoma habari za wacheza dansi wa London. Beatriz Calvo-Merino na wenzake, 2005, waliwaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wacheza baleti, wacheza kapoera ya Brazili, na watu ambao si wachezaji. Wote walionyeshwa dansi zote mbili. Ubongo wa mwendo uliwaka zaidi mchezaji alipoona dansi ambayo yeye huicheza. Mtu angeweza kusema labda ni kwa kuwa ameizoea kwa macho. Kwa hivyo mwaka uliofuata wakajaribu kwa njia ya werevu: katika baleti kuna hatua za wanawake na hatua za wanaume, na wote hufanya mazoezi chumba kimoja, wanaonana kila siku. Hata hivyo ubongo wa mwendo uliamka zaidi kwa zile hatua ambazo mtu huzifanya kwa mwili wake, si zile anazoziona tu kila siku kwa mwenzake. Ni kama kungwi na mpiga ngoma kwenye chakacha: wako uwanja mmoja usiku kucha, lakini kiuno kinachojibu ni kimoja.

Ndiyo maana video haikupi. Yule dada akisema "kanda mpaka unga ulainike," wewe umeliona neno "ulainike", mkono wako haujawahi kukutana nalo. Ubongo wako hauna mahali pa kuliweka.

Fanya hivi. Nunua unga nusu kilo tu, usipike kwa ajili ya mtu. Simu iwe chumba kingine. Tui zito liwe vuguvugu, si la moto, ukilimwagia kwenye kifundo cha mkono lisikushtue. Weka hamira, sukari, iliki uliyoitwanga mwenyewe, kisha kanda. Kanda mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba lile shimo linarudi taratibu kama godoro jipya. Hapo ndipo "ulainike". Funika, liache liumuke mpaka donge lijae mara mbili; hapa kuna haraka ya ofisi, na nakushuku. Ukisukuma usiwe mwembamba kama wa chapati, uwe na unene wa kidole cha mwisho. Kata pembe, yaache yapumzike tena kidogo. Mafuta yawe mengi na yawe yamepata moto. Tumbukiza kipande kidogo cha unga, kikizama na kukaa huko, ngoja. Hamri likielea, chota mafuta kwa upawa uyamwagie juu yake, mara moja, mbili, utaliona linavimba mbele ya macho yako kama lina pumzi. Hapo ndipo wengi wa simu wanapokosa, kwa kuwa katika video mkono wa upawa unapita upesi na macho yako yako kwenye hamri.

La kwanza litakuwa baya. La pili pia. Ukishaharibu nusu kilo, sasa rudi ukaitazame ile video mara moja. Utaona mambo ambayo katika mara arobaini hukuyaona, maana mkono wako utakuwa na maswali yake wenyewe. Kutazama si kubaya, binti yangu. Kunataka kuje baada ya kuungua kidogo. Na hao wakwe wakikucheka, waambie wanitumie barua.

*

"Mama Fizio, kakangu akinitekenya nacheka sana lakini nikijitekenya mwenyewe sicheki. Kwa nini?"
Niko gredi ya nne, Changamwe

Kwa sababu ubongo wako ni mbea, umeshajiambia siri. Unapoamuru vidole viende kwapani, nakala ya amri hiyo hupelekwa nyuma kisogoni, kwenye ubongo mdogo unaoitwa serebela, nao unakisia: sasa hivi tutaguswa hapa, hivi. Kitu kilichokisiwa hakishtui. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake waliona hivyo London 1998. Kisha wakatengeneza roboti: mtu anaisogeza kwa mkono mmoja, nayo inamtekenya kwenye mkono wa pili. Roboti ikifuata palepale, hakuna kicheko. Wakiichelewesha hata kwa sehemu ya tano ya sekunde, mtekenyo unarudi. Kakako yeye amri zake hazikupitii wewe, ndiyo maana anakuweza.

*

"Mama, mwalimu wetu chuoni alifundisha kwamba seli za kioo ndizo huruma yenyewe, ndizo zilizoleta lugha na ustaarabu, na kwamba watoto wenye usonji vioo vyao vimevunjika. Nina mdogo wangu mwenye usonji. Neno hilo limenichoma. Ni kweli?"
Mwanafunzi wa ualimu, Tudor

Hapana, na nimekasirika kwa niaba yako.

Maneno hayo yana historia. Mwaka 2000 mtaalamu mashuhuri, V. S. Ramachandran, alitabiri kwamba seli za kioo zitaifanyia saikolojia kile ambacho DNA iliifanyia biolojia. Watu walilewa. Kila kitu kikapewa kioo: huruma, lugha, sanaa, hata mapenzi. Hiyo ya "kioo kilichovunjika" ilitoka katika ulevi huo huo. Ilipopimwa haikusimama vizuri. Mwaka 2007 Antonia Hamilton na wenzake waliwajaribu watoto wenye usonji katika kuiga miendo ya mkono yenye lengo na katika kuelewa ishara za vitendo, na hawakuwa nyuma ya wenzao. Kwa hivyo mdogo wako hajavunjika kitu. Ana njia yake ya kuushika ulimwengu, na bila shaka wewe umeshaijua kuliko huyo mwalimu.

Seli zenyewe ziko, nisije nikaonekana nakana kila kitu. Mwaka 2010 Roy Mukamel na wenzake wa Los Angeles walipata nafasi ya nadra: wagonjwa 21 wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa nyaya kwenye ubongo kwa ajili ya matibabu. Wakasikiliza seli 1,177. Walipata zinazoamka mtu akifanya na akiona, hata nje ya maeneo yaliyotarajiwa. Na walipata nyingine zinazopanda mtu akifanya na kushuka akitazama, ambazo nadhani ni sehemu ya lile geti la bwana wa Kongowea. Ugomvi uko kwenye kazi ya seli hizo. Mtafiti wa lugha na ubongo, Gregory Hickok, amekuwa akihoji tangu 2009: mbona watu waliopoteza uwezo wa kutamka kwa kuumia ubongo mara nyingi bado wanaelewa wanachoambiwa? Kama kuelewa ni kuigiza kwa ndani, wangepotea. Mimi niliyekaa na wagonjwa wa namna hiyo nashuhudia. Kuna bibi mmoja hakuweza kusema hata "maji", lakini ukidanganya mbele yake alikutazama kwa jicho ukaomba radhi.

Halafu kuna jaribio ambalo ningempa mwalimu wako alisome kwanza. Caroline Catmur, Vincent Walsh na Cecilia Heyes, London, 2007. Waliwafundisha watu kinyume: ukiona kidole cha shahada kinasogea, wewe sogeza cha mwisho, na cha mwisho kikisogea, wewe sogeza cha shahada. Baada ya mafunzo waliwapima kwa koili ya sumaku, na sasa kuona kidole cha shahada kukawa kunaamsha msuli wa kidole cha mwisho. Sasa niambie, kioo gani hicho kinachofundishika kuonyesha kushoto ukisimama kulia? Hicho si kioo. Ni mazoea. Ni mkono na jicho vilivyokaa pamoja muda mrefu mpaka vikaanza kumaliziana sentensi.

*

"Shikamoo Mama Fizio. Babangu, mshona kanzu wa miaka mingi, alipata stroki miezi mitano iliyopita. Mkono wa kulia umelala, vidole vinasogea kidogo tu. Kliniki twavuka feri kutoka Likoni mara mbili kwa mwezi, zaidi ya hapo nauli hatuna. Siku nyingine zote anakaa mbele ya TV. Jirani ametuambia tununue kioo, ati akijitazama mkono utaamka. Ni dawa au ni uganga?"
Kijana wake wa pili, Likoni

Marahaba mwanangu, na mpe baba salamu zangu.

Si uganga, wala si dawa ya kuamsha mkono. Ni zoezi. Kioo kinasimamishwa juu ya meza katikati ya mikono miwili, upande unaong'aa unatazamana na mkono mzima. Mkono uliolala unajificha nyuma. Baba anauchungulia mkono mzima ndani ya kioo, na macho yanaona mkono wa kulia unafunguka na kufunga. Njia hii ilianzia kwa watu waliokatwa viungo, mwaka 1999 ikajaribiwa kwa wagonjwa wachache wa stroki, na mapitio makubwa ya 2018 yaliyokusanya tafiti 62 yaliona kwamba husaidia mwendo wa mkono, hasa kikiwa nyongeza juu ya fizio ya kawaida. Nyongeza, umesikia? Kioo hakilipi nauli ya feri. Kwanza mwonyesheni mtaalamu wenu wa kliniki, aone kama kinamfaa na awapimie muda.

Akikubali, kioo cha kawaida cha ukutani kinatosha, kipana cha kuficha mkono wote mpaka kiwiko. Avue pete na saa, mkono ndani ya kioo usije ukamwambia uongo. Miendo iwe ya polepole, na huo uliojificha ajaribu kuufanya vilevile, hata kama haufiki. Mimi nilikuwa naanza na dakika kumi. Akihisi kizunguzungu au maumivu, acheni.

Lakini lililonifanya nikaijibu barua yako mwisho ni hiyo TV na hiyo kanzu. Mwaka 2007 Denis Ertelt na wenzake waliwachukua watu waliopatwa na stroki zamani, wakawaonyesha kwa wiki nne filamu za kazi za kila siku za mkono, na baada ya kila filamu wakawafanyisha kazi ile ile. Waliendelea kuliko wenzao waliofanya mazoezi bila kuona kazi hizo. Sikwambii umwekee baba filamu. Baba ana kitu ambacho hakuna filamu inacho: miaka mingi ya sindano kwenye vidole.

Nilikuwa na mgonjwa kama yeye, mshona kofia. Mkewe alikuja naye kila Jumatano na, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, alikuwa akishona pale kwenye benchi. Siku moja nilikuwa naandika faili, nikainua macho. Mke anavuta uzi. Na kwenye paja la mume, kile kidole gumba ambacho mimi nilikihangaikia wiki sita, kinasogea kukutana na kidole cha shahada, kidogo, kama mtu anayehesabu tasbihi usingizini. Kila uzi ukivutwa, kinasogea. Hakuna aliyekiona ila mimi, wala mwenyewe hakujua. Tangu siku hiyo nilimweka mke upande wa kulia wa mume, bega kwa bega, si kumkabili, ili mkono aonao uwe umekaa kama wake. Mishono mitano anatazama, kisha sindano ya kushonea magunia, ile nene, tunamwekea yeye ajaribu. Sikudanganyi kwamba alirudi kushona kofia. Hakurudi. Alifunga vifungo vyake mwenyewe Idi iliyofuata, na mke alinipigia simu kunieleza vifungo vilikuwa saba.

Kwa hivyo tafuteni mtu anayejua kushona kanzu, awe hata kijana aliyefundishwa na baba. Asikae na cherehani, ashone kwa mkono ile nakshi ya kifuani, polepole, upande wa kulia wa baba. Asimfundishe, wala asimwambie "ona, ona". Baba akimkosoa, vizuri zaidi. Dakika chache, kisha baba achukue sindano nene na kipande cha marekani, mkimshikia kitambaa. Atakasirika. Mwacheni akasirike, lakini msimfanyie.

Na chai ya jioni aiendee kikombe yeye, mkono wa kulia ukitangulia, wa kushoto ukisaidia kwa chini. Iwe imepoa, na kwa mwezi huu wa kwanza kikombe kiwe cha plastiki.